Kutoka Kabale Hadi Kisoro: Mlima Unaopima Breki

Mtu akiitazama ramani ya Uganda, pembe ile ya kusini magharibi, atadhani kwamba safari ya kutoka Kabale hadi Kisoro ni jambo dogo. Ni kilometa zipatazo 80 tu, na siku hizi zote ni za lami. Lakini ramani haina habari za kupanda na kushuka. Mji wa Kabale uko kiasi cha meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Barabara hutoka hapo ikapanda ukingo wa Ziwa Bunyonyi, ikateremka hadi Muko, ikapanda tena kupita msitu wa Echuya mpaka kwenye pengo la Kanaba, ambako ni zaidi ya meta 2,300, kisha ikajimwaga kwa kona baada ya kona katika nchi ya Bufumbira. Kisoro wenyewe uko kwenye meta 1,900 hivi. Hakuna kilometa tano mfululizo za tambarare katika njia hiyo.

Zamani, kabla lami haijakamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, udongo wenyewe ulimlazimisha dereva kwenda pole. Mvua ikinyesha, watu walilala njiani. Lami imeondoa matope, nayo imeziachia breki kazi yote.

Safari ninayoisimulia niliifanya pamoja na jamaa ya askari polisi mmoja, konstebo, aliyekuwa amehamishiwa Kisoro. Wasomaji wengi wa gazeti hili wanayajua mambo ya uhamisho: barua hufika Jumanne, na Jumamosi vyombo viko garini. Palikuwapo godoro mbili, sufuria, cherehani ya mkewe, magunia ya maharagwe, kuku watatu ndani ya tenga, na watoto watatu walioketi kwenye kiti cha nyuma cha pikapu ya dizeli yenye kabini mbili. Dereva alikuwa sajini mwenye umri, mtu mpole, ambaye ameizoea njia hiyo kwa muda wa miaka mingi. Mimi nilipewa nafasi mbele, begi langu mapajani.

Kabla hatujaondoka, sajini aliniambia jambo lililonifanya niitazame miguu yake safari nzima. "Ndugu mwandishi," alisema, "pedali ya breki ya gari hili ina tabia mbili. Hapa uwanjani ni ngumu, ya juu, safi kabisa. Mlimani huwa kama ninakanyaga mkate. Mafundi wamebadilisha pedi za mbele, wametoa upepo mara mbili, na kila wakiijaribu hapa mjini husema ni nzima. Nami nikishuka Kanaba nasema ni mgonjwa. Sasa nani mwongo?"

Hakuwa mtu wa kulalamika tu. Pale pale kwenye uwanja wa kambi alizijaribu breki mbele yetu, na nitaeleza namna alivyofanya kwa sababu ni jambo ambalo kila mwenye gari anaweza kulifanya bila spana wala fedha.

Kwanza, injini ikiwa imezimwa, aliikanyaga pedali mara tano hata ikawa ngumu kabisa. Akaikandamiza hivyo hivyo, akawasha injini. Pedali ikazama kidogo chini ya kiatu chake, ikatulia. Ndivyo inavyotakiwa. Ule mzamo mdogo ni ishara kwamba busta ya breki, lile duara kubwa la bati lililo upande wa pili wa ukuta wa injini, linavuta na kumsaidia dereva. Kama pedali isingezama, angejua busta imekufa au mpira unaoiletea mvuto umepasuka. Katika magari ya dizeli angetazama pia pampu ndogo ya kuvuta hewa, ambayo katika pikapu nyingi hufungwa nyuma ya alteneta. Wapo watu walionunua alteneta ya rahisi isiyo na pampu hiyo, wakashangaa kwa nini siku hiyo breki imekuwa ngumu kama jiwe.

Pili, injini ikinguruma, aliishikilia pedali kwa nguvu ya kadiri, akahesabu hadi 60. Mguu haukushuka. Pedali inayokwenda chini polepole, kama mtu anayezama matopeni, husema kwamba mipira ya ndani ya silinda kuu imechakaa na mafuta yanapita pembeni, au kwamba yanavuja mahali fulani. Konstebo aliinama akaangalia upande wa ndani wa magurudumu yote manne. Palikuwa pakavu.

Tatu, aliikanyaga upesi upesi mara tatu. Kama ingekuwa ya chini mara ya kwanza na ya juu mara ya tatu, basi viatu vya breki vya nyuma viko mbali na dramu zake, au upepo umeingia katika mipira. Haikuwa hivyo. Wala tulipotoka langoni na kupunguza mwendo haikuutetemesha mguu kama ifanyavyo diski iliyochakaa upande mmoja. Kwa ushahidi wote wa tambarare, mafundi wa Kabale walikuwa wamesema kweli.

Basi tukaenda. Ziwa Bunyonyi lilitokea upande wa kushoto, na hata watoto waliokuwa wakigombania dirisha walinyamaza. Jina lake maana yake ni mahali pa ndege wadogo. Visiwa vyake ni 29, na vilima vinavyolizunguka vimekatwa matuta kutoka majini hata kileleni, kazi iliyotiliwa mkazo sana katika miaka ya 1940 ili mvua isiuchukue udongo. Katika kimoja cha visiwa hivyo, Bwama, palifunguliwa makao ya wagonjwa wa ukoma mwaka wa 1931. Mke wa konstebo alisema bibi yake aliwahi kuvukishwa huko kwa mtumbwi kumpelekea ndugu yake mtama. Hakuendelea, nasi hatukumwuliza.

Pale Muko, upande wa kaskazini wa ziwa, mahali penye matete mengi, tulisimama kununua viazi vya kuchoma. Lori moja lilikuwa limesimama hapo likielekea Kisoro na mpaka wa Kongo, limebeba saruji na mabati. Utingo wake alikuwa akisifu hesabu za dereva wake: kwamba katika miteremko huzima injini na kuliachia gari frii, na kwa mwezi huokoa mafuta ya kutosha kununua mbuzi. Sajini alimsikiliza kwa adabu hata akamaliza. Kisha alimwuliza kama anajua kwamba injini ikizimwa mvuto wa breki haufanywi tena, na kwamba akiba iliyobaki ni ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, baada ya hapo mguu wa mtu mmoja ndio utakaosimamisha gari zima.

"Letu ni la upepo, afande," alijibu yule kijana, akimaanisha breki zinazotumia hewa iliyoshindiliwa.

"Hata huo upepo hujazwa na injini," sajini akamwambia. Kijana alicheka, lakini nilimwona anamfuata dereva wake kumnong'oneza.

Kutoka Muko barabara hupanda kwa bidii. Msitu wa Echuya ni wa mianzi kwa sehemu kubwa, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala ndani yake kama pamba. Kandokando ya msitu huo wanaishi Watwa, watu ambao msitu ulikuwa nyumba yao kabla ya kuwa hifadhi. Hapo baridi huingia hata ndani ya koti. Hewa nayo ni nyepesi: uzito wake katika kimo cha Kanaba ni kiasi cha robo tatu tu ya ule wa pwani, tuseme Mombasa. Jambo hili huigusa breki, ijapokuwa madereva wachache hulifikiri. Busta hufanya kazi kwa kuiacha hewa ya nje iusukume upande mmoja wakati upande wa pili umevutwa hewa. Hewa ikiwa nyepesi, msukumo wake ni mdogo. Kwa hiyo mtu aliyetoka chini akaona pedali imekuwa nzito kidogo huku juu, asikimbilie kumwita fundi. Ni hali ya nchi. Lakini sajini alilalamikia kinyume chake: pedali yake ilikuwa laini.

Tulipofika Kanaba ukungu ulifunguka. Nimeona mandhari nyingi katika kazi hii, na ninasema bila ya kupamba kwamba hiyo ni ya peke yake. Bonde lote la Bufumbira limetandazwa chini, na nyuma yake imesimama milima mitatu ya volkano: Muhabura wa meta 4,127, uliochongoka kama pia iliyopinduliwa, na jina lake maana yake ni mwongozaji wa njia, katikati Mgahinga, ulio mfupi, na upande wa magharibi Sabinyo wenye vilele vilivyovunjika, ambao wenyeji huufananisha na meno ya mzee. Juu ya Sabinyo ndipo mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo inapokutana. Watoto walitaka kujua askari gani hulinda huko kileleni. Baba yao alijibu, "Baridi."

Kisha tukaanza kushuka, nasi tukamkuta mbele yetu yule wa saruji.

Sajini alikuwa ameweka gia namba mbili, na gari lingaliweza kushuka karibu lenyewe kwa nguvu ya injini. Lakini lori lilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kila kona lilisimama kabisa ili kuyapisha magari yanayopanda. Nasi tukasimama nyuma yake, tukaenda, tukasimama. Hapakuwa na mahali pa kulipita. Baada ya kitambo nilisikia harufu kali, kama ya nguo iliyounguzwa na pasi, ikitoka mbele. Nikautazama mguu wa sajini. Pedali, ambayo Kabale ilisimama juu, sasa ilikuwa inakwenda nusu ya njia. Kona iliyofuata ilikwenda robo tatu. Alipoikanyaga tena ilishuka mpaka chini, pasipo ugumu wowote, na nyuma ya lori palikuwa mbele yetu kiasi cha meta 20.

Hakupiga kelele. Aliipiga pedali haraka haraka mara nne, akashusha gia hadi namba moja hata injini ikalia, na kwa mkono wa kushoto akaivuta breki ya mkono pole pole, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe ili magurudumu yasikwame yakateleza. Gari likakaza nyuma kama lililoshikwa mkia. Tulisimama kwenye sehemu pana ya ukingo, upande wa mlima. Kuku tu ndio waliokuwa wakipiga makelele.

Mama alishuka na watoto wake bila ya kuambiwa. Konstebo aliweka mawe nyuma na mbele ya matairi. Kijana mmoja mkulima alikuja mbio na jerikeni la maji, akitaka kuyamwagia magurudumu ya mbele yaliyokuwa yakifuka moshi, na sajini akamzuia kwa kunyosha mkono. Chuma kilichopata moto namna ile kikimwagiwa maji baridi ghafla chaweza kupinda au kupasuka. Maji yale waliyanywa watoto.

Tulikaa hapo kwa muda wa dakika 40. Watu wengi hawajui ni moto kiasi gani mteremko kama huo unauzaa, kwa hiyo na tupige hesabu. Pikapu pamoja na mzigo na watu wake ina kilo zipatazo 2,500. Ikishuka meta 400, nguvu inayotakiwa kuzuiliwa, kama ingegeuzwa yote kuwa moto, ingetosha kuchemsha lita 30 hivi za maji baridi, yaani jerikeni moja na nusu. Sehemu kubwa ya moto huo injini huibeba, ikiwa dereva ametumia gia. Unaobaki huingia katika vipande vichache vya chuma vilivyo ndani ya magurudumu, na kutoka hapo huyafikia mafuta ya breki.

Na mafuta ya breki yana aibu yake. Hunywa unyevu wa hewa, kama chumvi iliyoachwa wazi jikoni wakati wa masika. Kwa viwango vinavyofuatwa na viwanda, mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 kabla ya nyuzi 230. Yakiisha kunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayabonyei, ndiyo sababu mguu wa dereva hufika magurudumuni. Mvuke hubonyea kama mpira wa watoto, na mguu huishia hapo. Hii ndiyo pedali ya mkate aliyoisema sajini. Tena kuna hila ndani yake: gari likipoa, mvuke hurudi kuwa majimaji, na pedali husimama tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hali hiyo ni tofauti na ile ya pedi kuungua. Pedi zikiungua pedali hubaki ngumu na ya juu, mguu unakandamiza kwa nguvu zote, lakini gari halisikii. Zote mbili ni ndugu wa moto, na aghalabu hufuatana, ila mguu unaojua hutofautisha.

Baada ya zile dakika 40 konstebo aliikanyaga pedali. Ilikuwa ngumu na ya juu. "Imepona, afande," alisema kwa furaha. Sajini hakumjibu upesi. Aliwatazama watoto waliokuwa wakila viazi juu ya jiwe, akasema kwamba mama na watoto watangoja basi dogo litakalopita, na gari litashuka na watu wazima peke yao, kwa gia namba moja, hata kama tutafika usiku. Mke wa konstebo alitaka kushuka pamoja na cherehani yake. Walibishana kidogo, cherehani ikabaki garini. Basi dogo lilikuja baada ya robo saa, nasi tukalifuata kwa mwendo wa ng'ombe mpaka Kisoro.

Kisoro ni mji wa mpakani, na masikio ya mgeni huliona hilo kabla ya macho. Kifumbira, Kinyarwanda, Kiswahili cha Kongo na Kiingereza huchanganyika katika mtaa mmoja. Kilometa chache kwenda kusini uko mpaka wa Cyanika wa kuingia Rwanda, ambako gari huacha kushoto na kushika kulia. Magharibi uko mpaka wa Bunagana wa kuingia Kongo. Bunagana ulipotekwa na waasi wa M23 mwezi wa Juni 2022, maelfu ya watu walivuka na kupokelewa huku, katika kituo cha Nyakabande. Kwa sababu ya mambo kama hayo askari huhamishiwa hapa kwa barua za haraka.

Fundi tuliyeelekezwa kwake alikuwa mzee aliyejifunza kazi Goma, na banda lake ni mabati manne juu ya miti. Hakufungua kitu. Aliusogeza mgongo wa mkono karibu na gurudumu la mbele, akaurudisha haraka. Akaenda nyuma, akaufanya vivyo hivyo, kisha akageuza kiganja na kukilaza juu ya dramu yenyewe. Akakiacha hapo.

"Afande, weka mkono hapa," alimwambia sajini. Dramu ya nyuma ilikuwa vuguvugu kama kikombe cha chai iliyosahauliwa.

"Ilipolegea, ulivuta breki ya mkono?"

"Nilivuta, mzee."

"Ikashika?"

"Ikashika barabara."

"Basi wa nyuma si wagonjwa," alisema fundi. "Wa nyuma hawapewi kazi."

Maneno hayo nayaona kuwa ndiyo uchunguzi wote, kwani breki ya mkono huvikaza viatu vya nyuma kwa waya, na breki ya mguu huvisukuma kwa mafuta. Kama viatu hivyo hivyo hushika kwa waya lakini havipati moto kwa mguu, kosa haliko katika viatu. Liko njiani.

Alilala chini ya gari, akaniita nami niinamie. Pikapu nyingi za kazi, kama vile Toyota Hilux za miaka ya nyuma, zina valvu ndogo karibu na ekseli ya nyuma, iliyounganishwa na ekseli hiyo kwa fimbo ya chuma. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, nyuma ni jepesi, na breki ya nguvu ingeyafanya magurudumu yakwame na mkia uteleze. Basi valvu huyapunguza mafuta yanayokwenda nyuma. Gari likipakiwa, springi hulala, bodi hukaribia ekseli, fimbo husogea, na valvu huruhusu nguvu zaidi. Ni kifaa cha akili. Lakini hakioni magunia. Hukisia tu kwa kimo cha bodi.

Na kimo cha bodi kilikuwa cha uwongo. Katika springi za nyuma, juu ya yale mabapa ya zamani yaliyolaliana, palikuwa na mabapa mawili mapya kila upande, bado na rangi. Gereji moja iliyaongeza mwaka uliotangulia ili gari libebe zaidi bila ya kuinamia nyuma. Desturi hiyo imeenea mno katika nchi zetu zote, na watu huiona kuwa maendeleo. Basi pikapu ilipopakiwa godoro, magunia na jamaa nzima, haikulala. Valvu ikaamini kwamba gari ni tupu. Breki za nyuma zikapewa kidogo, na za mbele zikabeba karibu mzigo wote wa mlima, zikaungua, zikayachemsha mafuta ambayo, kama tulivyoona alipoyatoa, yalikuwa meusi kama kahawa iliyokaa. Uwanjani Kabale hakuna kitu hata kimoja katika hayo kingeweza kuonekana, kwa sababu palikosekana moto na palikosekana mzigo.

Kazi ilichukua siku iliyobaki na nusu ya iliyofuata. Mabapa yaliyoongezwa yakaondolewa, na fundi akaijaribu ile fimbo kwa mkono kuhakikisha kwamba valvu haijashikwa na kutu, kwani nyingine hukwama kabisa kwa miaka. Viatu vya nyuma vikasafishwa vumbi na kusogezwa karibu na dramu. Mafuta ya zamani yakatolewa yote, yakatiwa ya DOT 4 kutoka katika kopo lililofunguliwa mbele yetu. Alianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, akija karibu moja baada ya moja, na mwisho akatoa upepo katika valvu yenyewe, ambayo ina skrubu yake ndogo. Hiyo skrubu husahauliwa mara nyingi.

Mke wa konstebo, aliyekuwa amekuja kuitazama cherehani yake, aliona kopo limebakiwa na mafuta, akatoa chupa ya soda ili akayahifadhi nyumbani. Fundi alimkatalia kwa upole. "Hapana, mama. Mtoto atadhani ni soda." Mafuta hayo ni sumu, yakidondoka juu ya rangi ya gari huibandua, na yakikaa katika chombo kisichofungwa sawasawa huanza kunywa unyevu siku ile ile. Mama aliirudisha chupa kikapuni.

Kesho yake mchana sajini alipakia mifuko ya mchanga yenye uzito uliokaribia ule wa safari, akapanda Kanaba, akageuka, akashuka, akisimama kwa makusudi katika kila kona kama tulivyofanya nyuma ya lori. Fundi alikaa pembeni yake akiwa na shuka mabegani. Waliporudi, magurudumu ya mbele yalikuwa ya moto na ya nyuma ya moto vilevile, na pedali ilibaki pale ilipokuwa asubuhi. Sajini alikuwa na lalamiko moja tu: kwamba sasa gari likipakiwa linainama nyuma, na kwamba mkuu wake atauliza kwa nini haliwezi tena kubeba magunia tisa ya viazi.

"Mwambie halikutengenezewa tisa," fundi alijibu, akiosha mikono kwa sabuni na mchanga.

Mabapa manne yaliyotolewa yalikuwa bado yameegemea ukuta wa banda. Chuma cha springi ni kizuri sana kwa panga na majembe, na kabla hatujamaliza kulipa alikuwa amefika mhunzi kutoka upande wa Cyanika, anayapima kwa shibiri na kuulizia bei.